Kutoka Shekilango hadi Yiwu

Barabara ya Shekilango huanzia Ubungo, kwenye Barabara ya Morogoro, ikakatiza Sinza na kwenda kutokea Bamaga. Jioni, jua likishapoa, wenye fremu hutoa midoli yao barazani: mmoja amevaa gauni la kijani la kitambaa cha kuteleza, mwingine suti ya kike yenye vifungo vya rangi ya dhahabu, wa tatu hana kichwa lakini ana mkoba begani. Geuza kola ya gauni, utakuta lebo kubwa ya kufumwa yenye jina la Kiitaliano. Papasa mshono wa ubavuni, utakuta nyingine, ndogo, nyeupe, yenye herufi za Kichina na maelekezo ya kufua ambayo hapa mtaani hayamshughulishi mtu. Muuzaji hafichi kitu. "Huu mzigo wa China, dada, siyo mtumba," atakwambia, na bei itaanzia hapo kushuka.

Mzigo huo umepita Guangzhou, au Yiwu, au Shanghai. Wafanyabiashara wa Sinza wanaijua miji hiyo kwa namna yao, na ni namna ambayo waandishi wa vitabu vya watalii hawaigusi sana. Mtalii wa Ulaya akifika mashariki ya China huanza na bustani na mahekalu, kisha hununua zawadi siku ya mwisho. Mwenzetu huanza na soko, hushinda sokoni, na mara nyingi hurudi uwanja wa ndege akitokea sokoni. Safari hii imezoeleka kusimuliwa kana kwamba ilianza juzi, enzi za simu za mkononi. Kwa kweli ina umri mkubwa kuliko Sinza, na mkubwa kuliko Dar es Salaam yenyewe.

Ushahidi hauko mbali. Ukipanda daladala Mwenge kuelekea Kunduchi utafika kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, ambayo walioyajenga walipenda kuyapamba kwa bakuli za kauri kutoka China, zikiwa zimepachikwa kwenye chokaa. Kaole, karibu na Bagamoyo, kuna magofu ya aina hiyohiyo. Kilwa Kisiwani vigae vya kauri ya Kichina vimeokotwa kwa wingi mno, na vingi kati ya vile vya zamani ni vya rangi ya kijani hafifu, kauri ya tanuri za Longquan. Longquan iko jimbo la Zhejiang. Yiwu, lilipo soko kubwa kuliko yote ya bidhaa ndogondogo duniani leo, nayo iko Zhejiang. Kwa maneno mengine, tajiri wa Kilwa wa karne ya 14 na dada wa fremu ya Sinza Mori wamenunua kwenye jimbo moja, wakipishana miaka mia saba.

Tofauti ni kwamba tajiri wa Kilwa hakulazimika kusafiri. Mzigo ulimfuata. Ulitoka bandari za Quanzhou na Guangzhou, ukabadilisha meli na wenyewe huko Kalikut na Hormuz au Aden, ukashuka na pepo za kaskazi hadi pwani yetu. Kila aliyeushika alikata chake, kama madalali wa leo. Hata hivyo walikuwepo waliofunga safari nzima. Kumbukumbu za dola ya Song zinataja wajumbe wa nchi ya mbali iliyoitwa Cengtan, waliofika China mwaka 1071 na tena 1083, na baadhi ya wanahistoria huihusisha nchi hiyo na pwani ya Zanj, yaani pwani yetu.

Msafiri aliyetuachia maelezo ya pande zote mbili ni Ibn Battuta wa Tangier. Mwaka 1331 alitua Kilwa, akausifu mji kwa uzuri wa majengo yake na sultani wake kwa ukarimu. Miaka kama kumi na tano baadaye anasimulia kuwa China, katika bandari aliyoiita Zaitun, ambayo ndiyo Quanzhou. Anasema bandari yake ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Kisha anaeleza Khansa, yaani Hangzhou, kuwa mji mkubwa kuliko wote aliowahi kuuona. Wapo wataalamu wanaotilia shaka kama kweli alifika kote anakosema alifika huko China, na wana hoja zao. Lakini Msikiti wa Qingjing wa Quanzhou, unaohesabiwa kuwa ulijengwa mwaka 1009, bado una lango lake la mawe, na UNESCO iliuingiza mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Mswahili akisimama mbele ya lango lile na maandishi yake ya Kiarabu, hahitaji mkalimani kuelewa kwamba watu wa Bahari ya Hindi walikuwa wenyeji pale.

Halafu kuna habari ya twiga. Kati ya 1405 na 1433, amiri Zheng He aliongoza misafara saba ya meli za dola ya Ming, na baadhi ya meli hizo zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415 Malindi ilipeleka wajumbe wake China pamoja na twiga. Wachina walimwona kuwa ndiye qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao, wakamchora na kumwandikia mashairi. Wajumbe walirudishwa kwao na msafara uliofuata. Ingependeza kujua waliona nini na walinunua nini, maana haiwezekani mtu wa Malindi akafika nchi inakotoka kauri asibebe hata sahani moja, lakini watawala wa Ming waliandika habari za twiga tu.

Meli za Zheng He ziliundwa Nanjing, kwenye karakana za mto Yangtze, na kutokea baharini kupitia Liujiagang, karibu na Suzhou. Mabaki ya karakana moja yamefanywa bustani ya makumbusho, na mtu anaweza kutembea kando ya mabwawa marefu ambamo meli ziliundiwa. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 ya safari ya kwanza, msichana mmoja wa Siyu, kisiwani Pate, alialikwa kwa sababu ukoo wake unajihesabu kuwa kizazi cha mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na meli. Akapewa nafasi ya kusoma udaktari wa asili wa Kichina hukohuko Nanjing. Masimulizi ya ukoo yana uzito wake, ila hayajathibitishwa, na magazeti ya pande zote mbili yaliyapokea kwa haraka kuliko wanaakiolojia. Kilicho thabiti zaidi ni sarafu: mwaka 2013 ilitangazwa kwamba sarafu ya mfalme Yongle, aliyemtuma Zheng He, imefukuliwa kisiwani Manda, jirani na Pate.

Baada ya 1433 China ilifunga mlango wa misafara ile. Wakaja Wareno, wakaja Waomani, wakaja Wajerumani na Waingereza. Bakuli za Kichina ziliendelea kuuzwa pwani, lakini njia ya moja kwa moja ikafa kwa zaidi ya miaka mia tano.

Ilifufuliwa na siasa. Abdulrahman Mohamed Babu wa Zanzibar alifika China mwaka 1960, kabla visiwa havijapata uhuru, na baadaye akiwa waziri wa biashara wa Muungano alikuwa mstari wa mbele kuifungulia China milango. Februari 1965 Mwalimu Nyerere alikwenda mwenyewe na kutia saini mkataba wa urafiki. Aliporudi alisifu sana jinsi Wachina walivyobana matumizi. Juni mwaka huohuo Zhou Enlai alikuja Dar es Salaam. Wasafiri wa enzi hizo walikuwa mawaziri, vijana wa chama, wanafunzi na wanajeshi. Walitembezwa viwandani na kwenye vijiji vya komuni, wakapigwa picha, wakalishwa vizuri. Duka halikuwa sehemu ya ratiba, na wengi hawakuwa na fedha ya kuingilia dukani.

Mji haukwenda China, basi China ikaja mjini. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo, kando ya Barabara ya Morogoro, kwa msaada wa Wachina. Kikafuma khanga na vitenge vilivyovaliwa nchi nzima. Kisha ikaja reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ujenzi ukianza 1970 na reli kukabidhiwa 1976. Watu wengi wanakumbuka mkopo usio na riba na mahandaki ya Mlimba hadi Makambako. Wachache wanakumbuka jinsi gharama za ndani zilivyolipwa: China ilileta bidhaa kwa mkopo, serikali zetu zikaziuza madukani, na fedha iliyopatikana ikalipa mishahara ya vibarua na mahitaji ya kambi. Kwa hiyo kila aliyenunua chupa ya chai ya Kichina miaka ile alichangia taruma moja au mawili ya reli. Katika miaka hiyo na iliyofuata, baiskeli za Phoenix na cherehani za Butterfly, zote chapa za Shanghai, zikawa mali ya maana katika nyumba za Watanzania. Fundi nguo wa Sinza anayekanyaga Butterfly leo ameikalia historia bila kuitafuta.

Sinza yenyewe ilipimwa wakati reli inajengwa. Mwaka 1974 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mpango wa viwanja na huduma: Manzese iboreshwe palepale ilipo, na upande wa pili vipimwe viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, vyenye barabara na maji, ili watu wa kipato cha chini wajenge wenyewe kidogokidogo. Walengwa wengi hawakudumu. Watumishi wa serikali na wafanyabiashara wadogo walinunua, wakamaliza nyumba, wakaongeza vyumba vya uani. Sinza ikapata baa zake, gesti zake na wasanii wake. Remmy Ongala aliishi hapa, na kituo cha daladala kikabeba jina lake. Viwanja vilivyokusudiwa kulaza familia vikageuka mtaji. Mwenye nyumba iliyotazama barabara alibomoa ukuta wa mbele, akajenga fremu tatu au nne, akapangisha. Bila fremu hizo kusingekuwa na pa kuanikia mzigo wa China.

Lakini kwanza ilibidi biashara ihalalishwe, na hapa historia zetu mbili zinakaribiana kwa namna ya ajabu. Mwaka 1982, mji mdogo wa Yiwu ulikuwa maskini, ardhi yake mbovu, na watu wake walijulikana kwa uchuuzi wa kuzunguka vijijini wakibadilisha sukari guru kwa manyoya ya kuku, ambayo yalifaa kwa mbolea na vifagio. Uchuuzi huo ulihesabika kosa. Mama mmoja muuza vifungo na kamba za viatu, Feng Aiqian, alimkabili katibu mpya wa chama, Xie Gaohua, akamuuliza kwa nini anafukuzwa wakati ana watoto wa kulisha. Katibu alimsikiliza. Septemba mwaka huo soko la bidhaa ndogondogo la Huqingmen likaruhusiwa rasmi, vibanda vya mbao juu ya mtaro.

Kwetu, mwaka 1983 ulikuwa wa msako wa wahujumu uchumi. Watu walitupa mitoni na vichakani sabuni na vitenge walivyokuwa wameficha. Mwaka uliofuata upepo ukageuka: bajeti ya Juni 1984, waziri wa fedha akiwa Cleopa Msuya, iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana alizipata wapi. Novemba 1985 akaingia madarakani Ali Hassan Mwinyi, na nchi ikamwita Mzee Ruksa. Yiwu ilipata ruksa yake miaka miwili mitatu kabla yetu. Wao wakaitumia kuuza, nasi tukaitumia kununua. Hiyo ndiyo tofauti iliyoamua mengi yaliyofuata, na si jambo la kujipongeza.

Wasafiri wa kwanza wa ruksa hawakwenda China. Walikwenda Dubai, mitaa ya Deira, ambako Kiswahili kilisikika na visa haikusumbua. Wengine Bombay, wengine Bangkok, wengine Hong Kong. Waligundua baada ya muda kwamba mashati ya Dubai yana katoni zenye anwani za Guangdong na Zhejiang, na mwenye akili akauliza: kwa nini nimpe Mwarabu faida ya katikati? China ilipoingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, njia ikawa wazi kabisa.

Guangzhou ilitangulia. Iko kusini, si mashariki, lakini haiwezekani kuiruka. Tangu 1957 ina maonyesho yake makubwa ya biashara mara mbili kwa mwaka, na kufikia katikati ya miaka ya 2000 mitaa ya Xiaobei na jengo la Tianxiu ilijaa Waafrika wa kila taifa. Mtu wa Sinza aliweza kula wali na maharage kwenye mgahawa wa ghorofani, kusuka nywele, kubadilisha dola, kumpata wakala wa mizigo anayejua bei ya kilo kwa ndege hadi Dar es Salaam, vyote bila kuvuka barabara mbili. Ijumaa wanaume walikwenda kuswali Msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo Waislamu wa China hulinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas. Huenda hiyo ndiyo ziara pekee ya kihistoria ambayo wafanyabiashara wetu wengi wameifanya Guangzhou, na waliifanya kwa sababu ya ibada, wala si utalii. Nguo zilinunuliwa Baima na Shisanhang, viatu mitaa ya Zhanxi, mikoba Baiyun.

Waliochoka na Guangzhou, au walioona kila mtu Kariakoo ana mzigo uleule, walipanda kaskazini-mashariki kwenda Yiwu. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa sababu Yiwu haifanani na soko lolote letu. Soko la Futian, linaloitwa rasmi Mji wa Biashara wa Kimataifa, lilianza kufunguliwa 2002 na kuongezwa sehemu baada ya sehemu hadi 2011. Lina vibanda vipatavyo 75,000. Ukisimama dakika 3 kila kibanda, saa 8 kwa siku, utamaliza baada ya mwaka na miezi. Ghorofa moja ni maua ya plastiki mwanzo hadi mwisho. Nyingine ni hereni na bangili. Nyingine miavuli, begi za shule, taa, soksi, mapambo ya Krismasi yanayouzwa na watu wasioisherehekea kwa watu watakaoyauza Mwenge mwezi Novemba.

Kibanda hakina mzigo, kina sampuli tu. Mnunuzi anaingia, anagusa, anauliza kwa kidole. Muuzaji anaandika bei kwenye kikokotoo na kukigeuza. Mnunuzi anafuta, anaandika yake, anakirudisha. Mazungumzo yanaweza kuisha hivyo bila neno kutamkwa. Wakikubaliana, agizo linaandikwa daftarini: namba ya bidhaa, vipande kwa katoni, ujazo wa katoni, bei, siku ya kukabidhi. Bidhaa itatoka kiwandani na kwenda kwenye ghala la wakala, na ubavuni mwa kila katoni litaandikwa kwa rangi nyeusi jina fupi la mwenye mzigo, ili Dar es Salaam asichanganyiwe. Wenye mtaji mdogo huchangia kontena la futi 40, kila mmoja akilipia ujazo wake, CBM kama wenyewe wanavyosema. Kontena huenda Ningbo, bandari ya jimbo hilohilo, na huchukua mwezi na zaidi baharini. Shida kubwa ya mgeni ni idadi: bei nzuri inaanzia katoni nyingi, wakati fremu ya Sinza inataka gauni tano za kila rangi. Ndiyo maana wenye maduka ya nguo hupenda zaidi Guangzhou, na Yiwu huwavutia wenye urembo, vyombo na mapambo ya sherehe.

Soko hufungwa saa kumi na moja jioni. Mgeni anabaki na usiku mzima. Wengi hula tambi za nyama kwenye migahawa ya Waislamu wa kaskazini-magharibi, kisha huenda soko la usiku la mtaa wa Santing, yaani wakimaliza kununua wanakwenda kununua. Yiwu ina msikiti mkubwa uliotokana na kiwanda cha zamani cha hariri, na Ijumaa hujaa Wayemeni, Wasomali, Wapakistani, Wamisri na Waswahili. Nimewasikiliza wasafiri wengi wa Sinza wakisimulia Yiwu, na sifa wanazoipa ni za soko: usalama wa kutembea na fedha, unafuu wa hoteli, uaminifu wa wakala fulani. Ukiwauliza kuhusu Hangzhou, wanakumbuka uwanja wa ndege.

Hapo ndipo ninapoona tunapunjwa, na tunajipunja wenyewe. Treni ya kasi kutoka Yiwu hadi Hangzhou haifiki saa nzima. Mji huo ulikuwa makao makuu ya dola ya Song ya kusini, na Ziwa lake la Magharibi liko kwenye urithi wa dunia tangu 2011. Matuta mawili ya kutembelea yanayokata maji yana majina ya washairi waliokuwa magavana wa mji, Bai Juyi na Su Dongpo. Yaani watawala walioandika mashairi na kuchimba matope ya ziwa kwa kazi moja. Mnara wa Leifeng uliporomoka 1924 na kujengwa upya 2002. Katikati ya mji upo Msikiti wa Feniksi, mmoja wa minne ya kale ya pwani ya China. Na kuna jambo la kuchekesha: mandhari ya ziwa hilo, vile viminara vitatu vidogo vinavyotokeza majini, imechapwa nyuma ya noti ya yuani 1. Mfanyabiashara wetu ameishika picha ya Hangzhou kila alipopewa chenji, akaikunja, akaitia mfukoni.

Shanghai imepata bahati zaidi, kwa kuwa ndege nyingi hutua pale. Wenye mizigo ya nguo huufahamu mtaa wa Qipu na maghorofa yake ya jumla. Lakini karibu kila mtu hufika Waitan, ukingo wa mto Huangpu, apigwe picha: mgongoni mabenki ya mawe ya enzi ambazo Waingereza na Wafaransa walijigawia mji, ng'ambo Mnara wa Lulu wenye mita 468 uliokamilika 1994, na nyuma yake Mnara wa Shanghai wenye mita 632. Picha hizo ziko kwenye simu nyingi za Sinza na kwenye kuta za saluni. Wachache wanaoingia Bustani ya Yu, iliyojengwa na ofisa wa Ming karne ya 16, huwa wamefuata maduka yaliyoizunguka. Si vibaya. Angalau wameingia.

Kwa upande mwingine, mtaani kwetu elimu ya China imesogea kwa njia ambayo wafanyabiashara hawakuipanga. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanza 2013, inashirikiana na Chuo Kikuu cha Ualimu cha Zhejiang kilichoko Jinhua. Yiwu kiutawala iko chini ya Jinhua. Kwa hiyo kijana anayejifunza Kichina Mlimani, mwendo mfupi kutoka Sinza, akipata ufadhili hujikuta jirani na soko la Futian, na hana muda mrefu kabla hajaitwa kukalimani. Msafiri wa leo ana mdogo wake huko. Wa mwaka 2005 alikuwa na kikokotoo tu.

Aprili 2020, wakati wa Uviko, Waafrika wengi Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli walizopanga na kuwekwa karantini kwa nguvu. Video zilifika Dar es Salaam kabla ya taarifa za balozi. Mipaka ya China ikabaki imefungwa kwa karibu miaka mitatu. Biashara haikufa, ilihamia kwenye simu. Wakala anapiga video akitembea kati ya vibanda, mteja yuko Sinza Kijiweni anasema "rudi nyuma, hiyo ya maua," analipa, anasubiri. Wengi hawajarejea kusafiri hata baada ya mipaka kufunguliwa. Ni nafuu, lakini mtu wa namna hiyo anaijua Yiwu kwa upana wa kioo cha simu.

Na sasa soko limefuata mnunuzi. Pale Ubungo, kilipokuwa kituo kikuu cha mabasi ya mikoani, mwanzo kabisa wa Shekilango, pamejengwa kituo cha biashara na usafirishaji cha Afrika Mashariki, EACLC, kwa mtaji wa Kichina, chenye maduka zaidi ya 2,000. Rais Samia Suluhu Hassan alikizindua Agosti 1, 2025. Siku chache kabla, serikali ilikuwa imetoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo za rejareja, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wafanyabiashara wa Kariakoo. Mambo hayo mawili katika wiki moja yanaonyesha jinsi tunavyotaka mzigo wa China na tunavyomhofia mwenye mzigo. Hatua chache kutoka hapo ni Urafiki, ambako tangu miaka ya 1990 hisa nyingi zilikuwa za kampuni ya Changzhou, mji wa mashariki ya China kati ya Nanjing na Shanghai. Kiwanda kilichojengwa kwa msaada wa China kilizidiwa na nguo za China, kwa kushirikiana na mitumba. Sinza, ambayo ilikuwa Kinondoni na sasa ni wilaya ya Ubungo, imekaa katikati ya vyote viwili.

Wenye fremu wanasema kituo kipya kitawamaliza, wengine wanasema kitawaokolea nauli. Mimi naona watakaodumu ni wale wenye jicho la kuchagua, na jicho hilo hupatikana kwa kusafiri. Kwa hiyo aliye na safari ya Zhejiang mwaka huu asifute ile siku ya mwisho kwa kuzunguka tena Futian. Treni za asubuhi ni nyingi, na kandokando ya Ziwa la Magharibi hakuna kiingilio.